SIKU ISHIRINI NA NNE ZA COALBROOK: Katika ardhi dhaifu, mwamba ndio utoao ratiba

Kila askari aliyepata kusimama zamu ya usiku anaijua kanuni hii: mlinzi akiona dalili, hutoa taarifa, na taarifa ikimfikia mkubwa, hapana budi ibadilishe kitu. Ama iongeze ulinzi, ama isimamishe msafara, ama iwaamshe waliolala. Taarifa isiyobadilisha kitu ni sawa na taarifa isiyotolewa. Leo tumeona vema kuwaletea wasomaji wetu wa jeshi na polisi habari za mahali pengine panapotawaliwa na kanuni hiyo hiyo, na ambapo kuivunja kumegharimu roho za watu wengi. Mahali hapo ni ndani ya migodi ichimbwayo chini ya ardhi, hasa pale mwamba unapokuwa dhaifu.

Wengi wetu tumesikia habari za Kilembe, kule Kasese, ambako shaba ilianza kuchimbwa kwa wingi mwaka 1956. Hata hivyo ni wachache waliopata kujiuliza kazi ya namna hiyo hupangwaje. Mtu wa nje akitazama mgodi huona nguvu: baruti, mashine za kutoboa, magari ya kubeba mawe, watu waliojaa vumbi. Lakini kabla ya nguvu hizo kutumika, kuna watu waliokaa na ramani na kalamu, wakaamua mambo mawili. La kwanza ni mpango, unaoeleza wapi patachimbwa na wapi pataachwa. La pili ni ratiba, inayoeleza nini kitangulia na nini kitafuata, na muda gani upite kati ya tendo na tendo. Katika mwamba mgumu, kosa dogo la ratiba huleta hasara ya fedha. Katika mwamba dhaifu, kosa hilo hilo huleta mazishi.

Ili jambo hili lieleweke, tutaanza na msiba mmoja uliotokea kusini mwa bara letu, kisha tuangalie namna wataalamu walivyojifunza, na mwisho tuseme machache juu ya wajibu wa askari anapoitwa kwenye mgodi ulioporomoka.

MGODI WA NGUZO

Coalbrook ni mahali katika Afrika Kusini, katika jimbo lililoitwa wakati ule Orange Free State, si mbali na mji wa Vereeniging. Hapo palikuwa na mgodi wa makaa ya mawe wa kampuni ya Clydesdale. Jirani yake, katika miaka ya 1950, ilijengwa stesheni ya umeme ya Taaibos, ambayo tanuri zake zilikula makaa usiku na mchana. Mgodi ukatakiwa utoe makaa mengi kuliko ulivyozoea.

Makaa ya mawe hulala ardhini kama mkeka uliotandikwa, na juu ya mkeka huo kuna uzito wa mawe na udongo hadi kufikia majani ya juu. Namna ya kale ya kuyachimba ni kukata njia zinazokatana, mfano wa barabara za mji. Kati ya barabara na barabara hubaki kipande cha mraba kisichoguswa. Kipande hicho ndicho nguzo. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kuubeba mzigo wa ardhi iliyo juu, ili dari isiwaangukie watu.

Sasa, mwenye mgodi huiangalia nguzo hiyo kwa macho mawili. Jicho moja huona usalama. Jicho la pili huona makaa yaliyoachwa bila kuuzwa. Jicho la pili likishinda, hufanyika moja ya mambo mawili: ama nguzo hupunguzwa upana, ama makaa yaliyobaki darini hukatwa na kuteremshwa, na hivyo nguzo hubaki na upana ule ule lakini huwa ndefu zaidi kwenda juu. Katika Coalbrook makaa ya darini yalikatwa, na nguzo zikarefuka.

Msomaji asidhani kwamba hilo lilifanywa na watu wasiojua kazi. Walikuwa na uzoefu wa miaka mingi. Lakini katika siku zile wenye migodi ya makaa ya nchi ile hawakuwa na hesabu iliyokubaliwa na wote ya kuwaambia nguzo ya upana huu, yenye kimo hiki, chini ya ardhi ya kina hiki, itabeba mzigo gani. Walipima kwa desturi: jana tulikata hivi na dari ikasimama, leo tukate zaidi kidogo. Desturi ya namna hiyo hufaa mpaka siku isipofaa, na siku hiyo haitoi nafasi ya kujaribu tena.

ONYO LA DESEMBA

Tarehe 28 Desemba 1959, sehemu moja ya mgodi ule iliporomoka. Nguzo zilivunjika na dari ikashuka. Hakuna aliyekufa. Basi kulikuwa na dalili iliyo wazi kuliko zote: ardhi yenyewe ilikuwa imesema, kwa sauti ya kusikika, kwamba nguzo za namna ile haziwezi tena kuubeba mzigo wake.

Mpango mwema ungalisimama hapo. Ungaliwatoa watu katika sehemu zote zenye nguzo za umbo lile, ungaliwaita wapimaji, ungalihesabu upya. Lakini mpango wa Coalbrook ulikuwa umefungwa kwenye tani za makaa, na tanuri za umeme hazikungoja. Uchimbaji uliendelea.

Zikapita siku 24.

Alasiri ya tarehe 21 Januari 1960, nguzo zilianza kuvunjika tena. Watu wapatao elfu moja walikuwa ndani ya mgodi. Upepo mkali ulipita katika njia, kwa maana dari inaposhuka husukuma hewa mbele yake kama mvukuto. Wapo waliokimbilia juu. Habari zilizoandikwa baada ya msiba zinasimulia kwamba baadhi ya hao waliofika nje waliamriwa warudi kazini. Jioni ile ile likaja poromoko kuu. Mamia kwa mamia ya nguzo yalivunjika kwa mfululizo, moja ikiiangushia nyingine mzigo wake, na ardhi yenye kina cha zaidi ya mita 150 ikashuka juu ya watu.

Waliokufa walikuwa 435. Wengi wao hawakuwa wenyeji wa nchi ile. Walikuwa wanaume wa Basutoland, nchi tunayoiita leo Lesotho, na wa Msumbiji iliyokuwa ingali chini ya Wareno; watu walioacha mashamba na watoto kwenda kutafuta mshahara katika machimbo ya makaburu. Waokoaji walijaribu kupita katika njia zilizozibwa, wakakuta mawe na gesi. Mashine za kutoboa zililetwa, mashimo yakatobolewa kutoka juu kufika mahali palipodhaniwa kuwa na watu, lakini humo palikutwa maji. Miili ile haikutolewa. Mpaka leo mgodi ndio kaburi lao, na jina la Coalbrook ndilo la msiba mkubwa kupita yote ya migodini katika historia ya Afrika Kusini.

Tena, sheria ya fidia ya utawala ule haikuwatazama wajane wote kwa jicho moja; rangi ya marehemu iliamua mjane wake atalipwaje. Jambo hilo linafaa kukumbukwa hapa, kwa sababu linatuonyesha kwa nini onyo la Desemba lilikuwa jepesi katika mizani ya wakubwa. Pale ambapo uhai wa mfanyakazi umepangiwa bei ndogo, kusimamisha kazi huonekana ni ghali.

HESABU ILIYOCHELEWA

Baada ya msiba, serikali na wenye migodi walilazimika kutafuta hesabu ambayo ilikosekana. Kazi hiyo iliongozwa na Miklós Salamon, mhandisi mzaliwa wa Hungaria, pamoja na mwenzake A. H. Munro. Hawakujifungia chumbani na vipande vidogo vya makaa tu. Walikwenda kwenye kumbukumbu za migodi na kukusanya habari za mahali 125: sehemu 98 ambazo nguzo zake zilisimama, na sehemu 27 ambazo nguzo zake zilivunjika. Wakauliza, ni nini kilichotenganisha hizi na zile? Jibu lao lilichapishwa mwaka 1967, nalo lilienea katika nchi nyingi zichimbazo makaa.

Tutalieleza bila kumchosha msomaji. Nguvu ya nguzo huongezeka upana wake unapoongezeka, na hupungua kimo chake kinapoongezeka. Na kimo huipunguza nguvu kwa kasi kuliko upana unavyoiongeza. Askari anaweza kulifahamu hilo kwa kuweka matofali: rundo pana na fupi haliangushwi kwa urahisi, bali rundo jembamba na refu huyumba.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mgodi una kina cha mita 150. Nguzo zake ni za mraba, mita 12 kila upande, na njia kati yake zina upana wa mita 6. Kila nguzo inasimama juu ya eneo la mita za mraba 144. Lakini mzigo inaoubeba si wa eneo hilo peke yake. Inabeba pia nusu ya njia zilizo kila upande wake, yaani eneo la mita 18 kwa 18, ambalo ni mita za mraba 324. Basi kila nguzo inabeba mzigo wake mwenyewe mara mbili na robo. Nguzo hiyo ikiwa na kimo cha mita 3, hesabu ya Salamon na Munro inaonyesha kwamba nguvu yake inazidi mzigo wake kwa kiasi cha 1.3. Kiasi hicho ni kidogo, ila nguzo huenda ikasimama. Sasa kata makaa ya darini, kimo kifike mita 5, bila kugusa upana. Nguvu ya nguzo inapungua kwa zaidi ya robo, na kiasi kile cha 1.3 kinashuka chini ya 1. Maana yake ni kwamba mzigo umeishinda nguzo. Macho ya mpita njia yataona nguzo ile ile, na upana ule ule. Lakini hesabu imekwisha kuihukumu.

Salamon na mwenzake walipendekeza nguzo zipangwe ili nguvu yake iuzidi mzigo kwa kiasi cha 1.6 hivi. Vilevile msiba wa Coalbrook uliwafundisha wahandisi ubaya wa kuacha eneo kubwa lenye nguzo za aina moja bila mpaka. Nguzo moja ikivunjika, mzigo wake hauondoki. Hugawanywa kwa jirani zake. Jirani akiwa amekwisha kulemewa, naye huanguka, na mzigo huendelea mbele kama moto katika nyasi kavu. Dawa yake ni kuacha, kila baada ya eneo fulani, ukuta mpana wa makaa usioguswa kamwe. Ukuta huo kwa mgodi ni kama kinga ya moto kwa shamba: haumzuii mmoja asiungue, lakini unawazuia wote wasiungue pamoja.

MUDA WA KUSIMAMA

Mpaka hapa tumesema juu ya umbo. Sasa tuseme juu ya wakati, kwa maana ratiba ndiyo iliyo ngumu zaidi katika ardhi dhaifu.

Mtu akichimba handaki katika udongo mwema, kuta zake husimama siku nyingi bila kuegemezwa. Akichimba katika mchanga mkavu, kuta humwagika kabla hajatoka. Kila ardhi ina muda wake wa kusimama, yaani muda ambao paa lake litakaa juu baada ya kufunguliwa na kabla ya kuwekewa egemeo. Katika mwaka 1958 mtaalamu wa Austria, Lauffer, alilieleza jambo hilo kwa utaratibu, akionyesha kwamba muda huo hutegemea ubora wa mwamba na upana wa uwazi uliofunguliwa. Mwaka 1973 mhandisi Bieniawski, aliyekuwa akifanya kazi Afrika Kusini, alitoa utaratibu wa kuupa mwamba alama kwa kupima ugumu wake, nyufa zake, na maji yaliyomo. Mwaka uliofuata Barton na wenzake wa Norway walitoa utaratibu wao.

Jedwali la Bieniawski lina mafunzo makubwa kwa yeyote anayejua kusoma saa. Mwamba wa daraja la kwanza, uwazi wenye upana wa mita 15 waweza kusimama miaka 20 bila egemeo. Mwamba wa daraja la tatu, uwazi wa mita 5 husimama juma moja. Mwamba wa daraja la nne, uwazi wa mita 2 na nusu husimama saa 10. Na mwamba wa daraja la tano, ambao ndio dhaifu kuliko yote, uwazi wa mita moja tu husimama nusu saa.

Nusu saa! Mpangaji wa kazi akiwa na mwamba wa namna hiyo, tani atakazo mwenye mgodi si kitu cha kwanza mezani pake. Cha kwanza ni saa ya ukutani. Kila tendo lazima litoshee ndani ya muda aliopewa na mwamba. Asipotosheka, hana njia ya kumwomba mwamba aongeze muda. Njia yake ni kupunguza uwazi. Badala ya kulipua mita tatu kwa mara moja, atalipua mita moja. Badala ya njia pana, atachimba njia nyembamba, aiegemeze, kisha aipanue kwa vipande.

Ndiyo maana kazi katika ardhi dhaifu huenda kwa mzunguko usiokatwa. Mashimo hutobolewa, baruti hulipuliwa, moshi hungojwa utoke, mawe yaliyolegea huangushwa kwa mtaimbo na mtu aliyesimama chini ya paa salama, kifusi huondolewa, zege hurushwa kwa bomba kufunika uso wa mwamba, boliti ndefu za chuma hupigwa, na wavu hufungwa. Mpaka boliti ya mwisho imekazwa, hakuna anayeruhusiwa kutoboa shimo la mzunguko ujao. Zamu inayoondoka haimwachii mwenzake paa tupu. Ikiwa zege imekosekana, kulipua huahirishwa. Ratiba inayoruhusu kulipua kwanza na kuegemeza baadaye, kwa kuwa boliti zi njiani zinakuja, ni ratiba iliyoandikwa na mtu ambaye hatakuwamo mgodini.

Hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Kwa kuwa kila uso wa mwamba hungoja kuegemezwa, mpangaji mwenye busara hawapi watu wake uso mmoja tu wa kuchimba. Huwapa nyuso kadhaa, ili wakati mmoja unapoegemezwa, wa pili utobolewe na wa tatu uondolewe kifusi. Akifanya hivyo, egemeo halionekani tena kuwa adui wa uzalishaji. Mgodi wenye uso mmoja tu humshawishi msimamizi aruke hatua. Mgodi wenye nyuso nne humpa mahali pa kuwapeleka watu bila kuvunja kanuni. Mara nyingi ajali hupandwa mezani, katika ratiba isiyo na nafasi ya kupumua, miezi mingi kabla ya jiwe kuanguka.

KUJAZA NYUMA, KUCHIMBA CHINI

Namna nyingine ya kuishinda ardhi dhaifu ni kutoiacha tupu. Chumba kikishachimbwa na madini kutolewa, hujazwa mawe yaliyochanganywa na saruji. Ujazo huo ukikauka huwa nguzo mpya iliyotengenezwa na binadamu. Lakini ujazo nao una saa yake. Saruji haipati nguvu kwa siku moja. Ndiyo sababu mafundi huipima siku ya 7 na tena siku ya 28. Basi vyumba hupangwa kama askari wa gwaride wanaohesabu moja, mbili: wenye namba moja huchimbwa kwanza na kujazwa, wenye namba mbili, walio kati yao, hungoja mpaka majirani wawe wamekauka na kupimwa. Mpangaji akimtoa namba mbili kabla ya wakati wake, atakuwa ameondoa nguzo ya kale kabla ya nguzo mpya kukomaa.

Pale mwamba ulipooza kabisa, wachimbaji hugeuza kazi juu chini. Huanza juu, huchimba tabaka moja, hulijaza mawe na saruji, kisha hushuka na kuchimba tabaka linalofuata, huku paa lao likiwa ule ujazo waliouweka wenyewe. Katika mgodi wa dhahabu wa Turquoise Ridge, jimboni Nevada, Marekani, njia hii imetumika kwa sababu mwamba wake hauaminiki. Mchimbaji haulazi uhai wake chini ya jiwe asilolijua. Anafanya kazi chini ya zege alilolipima. Njia hiyo ni ghali na ya polepole, lakini inamrudishia mpangaji kitu alichonyang'anywa na ardhi dhaifu, yaani paa ambalo nguvu yake inajulikana kwa hesabu.

Pamoja na hayo yote, mgodi hupimwa kila siku. Vyombo hufungwa ukutani na darini ili kuonyesha kama pande mbili za njia zinakaribiana, hata kwa milimita chache. Kama mwendo unapungua siku hata siku, egemeo linafanya kazi. Kama mwendo unaongezeka, ardhi inaelekea kuvunjika. Kipimo hicho ndicho mlinzi wetu wa zamu ya usiku. Na hapa tunarudi kwenye kanuni tuliyoianza: kipimo kisichokuwa na amri nyuma yake ni pambo. Katika mpango ulio mwema huandikwa mapema, kabla ya hofu na kabla ya ubishi, kwamba mwendo ukifika kiasi hiki, watu watolewe. Na mwenye kutoa amri hiyo ni msimamizi wa zamu aliye pale pale, asiyehitaji kupiga simu kwa mkurugenzi aliye mjini.

MUFULIRA

Miaka kumi baada ya Coalbrook, msiba mwingine ulitokea karibu zaidi nasi. Katika mgodi wa shaba wa Mufulira, nchini Zambia, madini yalichimbwa kwa namna inayoacha ardhi ya juu ishuke taratibu nyuma ya wachimbaji. Juu ya ardhi hiyo palikuwa na bwawa la matope, mabaki ya mawe yaliyosagwa baada ya shaba kutolewa. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Septemba 1970, matope hayo yalipata njia ya kupita katika ardhi iliyovunjika, yakamwagika ndani ya mgodi juu ya watu wa zamu ya usiku. Wachimbaji 89 walikufa.

Hapa nguzo hazikuwa na lawama. Kosa lilikuwa kati ya mipango miwili: mpango wa waliochimba chini, na mpango wa waliomwaga matope juu. Ardhi inayoshuka na bwawa linalojaa vilikuwa vikikaribiana mwaka hata mwaka. Fundisho la Mufulira ni kwamba ramani ya mgodi isiishie kwenye dari. Lazima ifike mpaka juu ya nchi, kwenye mito, mabwawa, barabara na nyumba za watu.

WAJIBU WA ASKARI

Askari na polisi hawapangi migodi. Lakini katika nchi zetu, mgodi ukiporomoka, iwe wa kampuni au wa wachimbaji wadogo wenye majembe na ndoo, wao huwa miongoni mwa wa kwanza kuitwa. Kwa hiyo inafaa wayajue mambo machache.

Kwanza, wailinde hesabu ya watu. Katika mgodi wenye utaratibu, kila aingiaye huandikwa au huchukua kibao chenye namba. Daftari hilo au ubao huo uwekwe chini ya ulinzi mara moja, kwa sababu bila hesabu hakuna ajuaye anayetafutwa ni nani na wangapi. Pasipo na daftari, jamaa na wenzao waulizwe mmoja mmoja, majina yaandikwe.

Pili, wamtafute msimamizi wa zamu na mtu mwenye ramani, wawaweke karibu na mkuu wa uokoaji. Umati na magari mazito vizuiwe mbali na ukingo, kwa maana ardhi iliyoshuka mara moja yaweza kushuka tena. Ipangwe nyakati za kimya kabisa, injini zikazimwa, ili waliozikwa hai wakigonga bomba au jiwe wasikike.

Tatu, asiingie mtu, hata awe shujaa kiasi gani, kabla ya hewa kupimwa. Katika migodi ya makaa kuna gesi ishikayo moto, na katika shimo lolote lililozibwa kunaweza kuwa na hewa iuayo bila harufu. Katika maporomoko mengi orodha ya wafu imeongezwa na waokoaji walioingia kwa huruma bila kupima.

Nne, na hili ndilo tunalotaka libaki moyoni mwa msomaji: watu waliotoka nje wasirudishwe ndani kwa amri ya yeyote asiyekuwa na kipimo mkononi. Msimamizi atasema kwamba kazi inachelewa. Mwenye mali atasema kwamba hasara ni kubwa. Askari aliyesimama langoni ana haki ya kuuliza swali moja: ni nani aliyeipima dari, lini, na ameona nini? Kama jibu halipo, lango libaki limefungwa.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kule Coalbrook ufa ulionekana tarehe 28 Desemba, nao walikuwa na siku 24 za kuuziba. Siku hizo zilitosha kuwatoa watu, zilitosha kupima, zilitosha hata kubishana. Kilichokosekana ni amri ya kusimama. Tunawasihi wale wote waliopewa dhamana ya kulinda maisha, wawe na bunduki au wawe na taa ya mgodini kofiani, waikumbuke hesabu hiyo ya siku 24 kila waletewapo taarifa ya ufa mdogo.